Athena Mungu, Nyabingi Shetani?



Mwanafunzi wetu wa Mbarara akiulizwa Athena ni nani, hujibu upesi: ni mungu wa kike wa hekima wa Wayunani wa kale, aliyezaliwa kichwani mwa Zeus. Mwulize Nyabingi ni nani. Atasema: ni shetani. Msamiati huo hakuzaliwa nao. Amefundishwa, na sisi walimu wa lugha tumo miongoni mwa waliomfundisha.

Natutumie kipimo kimoja. Athena aliombwa mashauri, ufundi na ushindi vitani; watu wake wakamjengea hekalu la Parthenon kati ya mwaka 447 na 432 K.K. Nyabingi aliheshimiwa Ndorwa na Kigezi, kusini-magharibi ya Mbarara, na kaskazini ya Rwanda. Aliombwa uzazi na afya, na wasemaji wake, abagirwa, waliendewa na wenye shida. Mmoja wao, Muhumusa, mjane wa Mwami Kigeri Rwabugiri, aliwapinga Wazungu hata Waingereza wakamkamata mwaka 1911. Alizuiliwa Kampala mpaka akafa mwaka 1945. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya uchawi, nayo ikatumika dhidi ya wafuasi wa Nyabingi. Basi neno "mchawi" hapa lilikuwa silaha ya mtawala, nasi tunaliokota na kuliita tafsiri!

Wapo wenzetu wasemao: Athena ni fasihi, Nyabingi ni ushirikina. Je, Wayunani hawakumchinjia Athena ng'ombe? Walimchinjia, tena wengi. Wengine wanahofia imani za wazazi. Lakini hakuna mtoto aliyepata kumwabudu Athena kwa kuwa alimsoma darasani. Kufundisha si kuhubiri.

Tena jina lenyewe ni somo. Wengi hulifasiri Nyabingi kuwa "mwenye vingi", na hiyo -ingi ndiyo ile ile ya Kiswahili chetu. Mnyankole, Mnyarwanda na Mkongomani hulisikia bila kamusi. Warastafari wa Jamaika, ng'ambo ya bahari, wamelipa jina hilo ibada yao ya ngoma. Sisi tulio jirani na chimbuko lake tunaona haya kulitamka!

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongomani, Warundi na Wasomali. Mtoto wa huko amekwisha poteza ardhi ya babu zake. Tusimwongezee hasara kwa kumwambia kwamba hekima ni ya Wayunani na uchawi ni wa bibi yake.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Lugha hiyo tuitendee haki. Nashauri hivi: tuwatume wanafunzi kwa wazee wakaulize habari za Nyabingi, waziandike kwa Kiswahili, wazisome darasani pamoja na za Athena. Na neno liwe moja. Athena akiwa mungu wa kike, Nyabingi naye awe mungu wa kike. Nyabingi akiwa pepo, Athena naye aitwe pepo.