SINDANO ISIYODUNGA

Wahenga walinena kwamba mfa maji haishi kutapatapa. Mwambie mgonjwa wa mgongo kuwa sindano za Kichina zinaponya, atauza hata kuku wa mwisho ili akadungwe. Akipata nafuu, je, ni sindano iliyomponya au ni imani yake? Msimamo wangu ni huu: tiba ambayo haijalinganishwa na tiba bandia bado haijapimwa.

Katika maabara ya bayolojia tulifunika sehemu ya jani, nyingine tukaiacha wazi. Bila ile ya wazi tungelinganisha na nini? Kwa vidonge, kazi ni rahisi, kwani unatengeneza kidonge kisicho na dawa. Lakini sindano utaighushi vipi, na mtu anajua amedungwa?

Mwaka 1998, Streitberger na Kleinhenz wa Ujerumani walieleza sindano butu ya ajabu. Ncha yake hugusa ngozi, mgonjwa akahisi mchomo kidogo, kisha sindano ikateleza na kuingia mpinini mwake badala ya mwilini. Mgonjwa akitazama, ataapa imezama! Hata hivyo, mdungaji mwenyewe anajua, na uso wake waweza kutoboa siri.

Tiba ya kubonyeza nayo ni ngumu zaidi. Ili kupima kama kubonyeza mkono karibu na kiganja huzuia kichefuchefu, watafiti wengine humvisha mgonjwa ukanda usio na kifungo cha kubonyeza. Lakini mjanja si atagundua?

Tazama sasa utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno. Baada ya miezi 6, waliodungwa kwa kufuata ramani ya Kichina walipata nafuu asilimia 47.6. Waliodungwa juujuu tu, mahali pasipo penyewe, asilimia 44.2. Waliopewa matibabu ya kawaida, kama vile dawa na mazoezi, asilimia 27.4.

Basi wapenzi wa sindano wakashangilia, eti zimeshinda dawa! Ngojeni kwanza. Za bandia pia zilishinda, na wale wa dawa walijua hawakudungwa. Wapinzani nao wasicheke mapema, kwani hata kudunga juujuu ni kudunga, huenda kukawa na athari yake.

Kuna atakayeniuliza, "Mtu akipona, shida iko wapi?" Shida iko mfukoni, ndugu yangu. Kama mahali pa kudunga hapana maana, kwa nini tulipie ramani? Tena imani hupunguza maumivu, lakini haiui vijidudu vya malaria. Anayeitegemea huko atazikwa.

Wenzangu, mkiambiwa dawa fulani imeponya watu mia, msiulize tu walikuwa wangapi. Ulizeni, "Mlilinganisha na nini?" Asiye na jibu, mwacheni aende zake na sindano zake.