Daktari Asiyetibu Watu

Wazazi wapenzi, leo nataka kusema nanyi juu ya kazi moja isiyojulikana vema vijijini, nayo huleta manung'uniko katika jamaa. Ni kazi ya kijana aliyekwisha maliza Chuo Kikuu, akapata hata shahada ya udaktari, kisha badala ya kupewa ofisi na meza akapata nafasi ya miaka miwili au mitatu ya kuchunguza wadudu: wanakaa wapi, wanakula nini, adui zao ni nani, na kwa nini mwaka huu ni wengi kuliko mwaka jana.

Baba husema: "Tumeuza ng'ombe ili asome, kumbe anahesabu viwavi!" Shangazi naye humletea mtoto mwenye homa, maana amesikia kwamba ni daktari. Akiambiwa kuwa huyu hana sindano wala dawa, anaondoka akitikisa kichwa.

Basi, kwanza jueni maana ya jambo hili. Udaktari wake ni cheo cha elimu, si cha hospitali. Nafasi aliyopata si shule tena, kwani analipwa mshahara. Hufanya kazi yake ya uchunguzi karibu na mtaalamu mkubwa, apate kuzoea kuanzisha na kuongoza uchunguzi mwenyewe. Akiisha kuonyesha matunda, aweza kupata kazi ya kudumu katika chuo au kituo cha utafiti.

Mtaniuliza: "Matunda gani yatoka kwa viwavi?" Nendeni shambani mkapasue bua la hindi lililonyauka. Mtamkuta ndani yule funza wa mabua. Mama yake ni nondo arukaye usiku na kutaga mayai juu ya majani. Funza akitoka yaini hula majani kidogo, kisha hutoboa bua na kuingia. Ukija na dawa amekwisha jificha, na fedha yako imepotea.

Katika nchi ya Kenya kipo kituo cha kuchunguza wadudu kiitwacho ICIPE. Kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha Cambridge huko Uingereza. Alifariki mwaka 2003, lakini kituo kingali kinafanya kazi. Katika miaka ya 1990, huko Mbita kando ya Ziwa Viktoria, wataalamu wa kituo hicho walishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na wa idara ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Wakajiuliza: Je, nondo huyu hupenda majani gani, na huchukia yapi?

Wakajaribu majani ya namna nyingi. Wakaona kwamba magugu tembo, yale ambayo wengine huyaita nepia, humvuta nondo kuliko mahindi. Huyaendea na kutaga humo, lakini funza wengi hufa, kwa maana majani hayo hutoa utomvu unaonata. Tena wakaona kwamba jani moja la jamii ya kunde liitwalo desmodiamu lina harufu inayomfukuza. Basi magugu tembo yakapandwa kuzunguka shamba, na desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Njia hiyo ikaitwa sukuma-vuta.

Halafu likaonekana jambo ambalo hawakulitazamia. Palipo na desmodiamu, kiduha kilipungua sana, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Walipochunguza wakakuta kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha zilizolala ardhini, na tena kitu kinachozuia vijizizi vyake visishike mahindi. Hivyo mbegu huota na kufa. Zaidi ya hayo, jani hilo hurutubisha udongo na ni chakula kizuri cha ng'ombe. Leo maelfu ya wakulima wa Afrika ya Mashariki wanaitumia njia hii.

Je, hayo yalipatikana kwa siku moja? La. Msimu mmoja wa mvua hautoshi kumjua mdudu. Huenda mwaka ule ulikuwa wa ukame, au nondo walichelewa. Lazima kupanda, kuhesabu, na mwaka wa pili kuhesabu tena. Wengi wa wale wanaoamka alfajiri kupasua mabua na kuandika daftari ni vijana kama huyo mwanao.

Kwa hiyo nawashauri mambo matatu. La kwanza, msimwite mzembe wala msimlinganishe na jirani aliyeajiriwa mjini. Ulizeni anachunguza nini. Atafurahi kuwaeleza, nanyi mtajifunza.

La pili, kumbukeni kwamba nafasi hiyo ina mwisho. Mkataba ukiisha, aweza kukaa miezi bila mshahara akitafuta mwingine. Msimtwike karo za watoto wa ukoo mzima, wala msimhimize akope kwa ajili ya nyumba ya fahari. Mwacheni aweke akiba. Na wewe kijana, waeleze wazazi wako mapema ni lini mkataba unakwisha. Usiwaache wakitumaini mali usiyo nayo.

La tatu, mtafiti akifika kijijini kwenu kuomba kutazama mashamba, mpokeeni na kumwambia ukweli. Kama mlinyunyiza dawa, semeni. Kama mavuno yalikuwa magunia mawili, msiseme matano. Akiandika uongo, shauri litakalowarudia litakuwa la uongo, na njaa itakuwa yenu.

Ng'ombe mliyemwuza hakupotea. Mvumilieni mtoto wenu amalize kazi yake, maana funza hangoji, na mahindi ni yenu.