NANI ALIYETUCHAGULIA MWALIMU HUYU?



Mwezi uliopita karatasi ilibandikwa ubaoni, kando ya orodha ya shifti. Ilisema ya kuwa tangu sasa masomo yetu yote, ya usalama, ya ishara za njiani, ya breki na ya kuzima moto, yatasomwa kwa simu au kompyuta, katika mfumo mpya wa mafunzo ambao kampuni imekwisha kuukodi. Tena mtu asiyemaliza masomo yake kwa siku 30 hatapangiwa kazi. Chini pana sahihi ya mkubwa mmoja na muhuri. Kampuni hatuitaji jina katika ukurasa huu, maana wenye kuhusika wanajijua.

Hakuna aliyetuuliza neno. Wakileta viatu vya kazi hutuuliza angalau namba ya mguu. Kwa jambo la akili zetu hatukupimwa hata mguu.

Baada ya sisi kupiga kelele kidogo, wawili kati yetu waliitwa kwenda kuonyeshwa chombo hicho. Tukapanda matatu namba 46 kutoka mjini, tukashuka Yaya, tukaingia katika moja ya maghorofa mapya ya Kilimani ambayo yana vioo vitupu kutoka chini hadi juu. Tulipewa kahawa nzuri, hilo hatulikatai. Kijana mwuzaji akawasha picha ukutani: nyota, vikombe vya dhahabu, na orodha ya majina ya wanaoongoza kwa maksi, kama orodha ya timu za mpira. Wakubwa wetu wakapiga makofi. Kumbe mkataba ulikuwa umetiwa sahihi siku nyingi, na sisi tuliitwa kuja kuupigia makofi tu.

Tulimwuliza, huko tunakofanya kazi sisi, kati ya stesheni na stesheni, ambako simu haishiki, masomo yatafunguka vipi? Akajibu ya kuwa siku hizi mtandao uko kila mahali. Bwana huyu pengine amepita Tsavo kwa gari la moshi akiwa usingizini. Tulimwuliza juu ya Kiswahili, akasema ya kuwa kitufe cha kutafsiri kipo. Kisha tukamwuliza, je, mkataba ukiisha, kumbukumbu za masomo yetu na vyeti vyetu vitabaki na nani? Hapo hakujibu, alimtazama mkubwa wetu, na mkubwa wetu akatazama kahawa yake.

Ndugu zetu, msije mkadhani sisi ni adui wa elimu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni, darasa moja watoto 60, kitabu kimoja watu wanne, na hata hivyo tulijua thamani ya kitabu. Tunajua pia ya kuwa shule ya reli iliyofunguliwa hapa Nairobi mwaka 1956 imetoa madereva na mafundi wa sifa. Kijana alisoma kanuni darasani, kisha akapelekwa njiani pamoja na mzee wa kazi, akafundishwa kuunga behewa kwa mikono yake, na kukosea, na kukaripiwa, mpaka mkono ukajua. Kanuni zinaweza kusomwa katika simu. Uzito wa breki ya mkono haumo katika simu.

Na chombo hiki chenyewe ni kitu gani? Tukiondoa nyota na vikombe, ni ofisi ya mkuu wa masomo iliyotiwa ndani ya mashine. Huweka vitabu na picha, huandika majina, hutoa mtihani, huhesabu maksi na kutoa cheti. Kazi yake kubwa si kufundisha, bali ni kuandika nani amefundishwa. Ni rejista. Basi rejista haikosi faida, lakini atakayefurahi nayo ni yule anayetaka kumwonyesha mkaguzi ya kuwa watu wake wote wamesoma. Yule anayetaka kujua namna ya kusimamisha mabehewa yanayoteremka mlima, yeye anahitaji kitu kingine. Mfumo ukichaguliwa na yule wa kwanza peke yake, utampendeza yule wa kwanza peke yake. Hii ndiyo sababu mikataba ya namna hii huharibika dunia nzima: anayenunua siye anayetumia.

Tazameni yaliyompata mzee wetu mmoja, mpanga mabehewa, ambaye ameifanya kazi hii tangu baadhi yetu tukiwa watoto. Simu yake ni ile tunayoiita mulika mwizi. Akaazima simu ya mwanawe, akanunua bando kwa fedha zake, akakaa usiku baada ya shifti na kumaliza somo la ishara, maswali 20. Alipobonyeza kitufe cha mwisho mtandao ukakatika. Asubuhi mashine ikaonyesha sifuri. Akarudia, muda ukawa umepita na somo limejifunga. Jumatatu jina lake halikuwamo katika orodha ya kazi. Alikwenda kwa karani, karani akamwambia, "Mfumo ndio umesema." Siku nne mzee alikaa nyumbani bila posho ya safari, na muda huo wote kijana aliyefundishwa ishara na mzee huyo huyo alikuwa njiani, kwa sababu simu yake ni nzuri.

Karani si mtu mbaya. Lakini neno lile, "mfumo ndio umesema", ni lazima likomeshwe sasa kabla halijawa desturi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake, na haki ya kusahihishiwa yaliyo makosa. Inampa pia haki ya kukataa kuamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake, bila mtu kuangalia. Je, kukosa kazi siku nne si jambo kubwa? Au ni dogo kwa mwenye mshahara wa Kilimani?

Tena mjue ya kuwa mashine hii haiandiki maksi tu. Yaandikwa saa uliyofungua somo, dakika ulizokaa, mara ulizokosea, na simu uliyotumia. Leo ni kwa ajili ya masomo. Kesho, wakati wa kupunguza watu, yule aliyekosea mara tatu ataonekana mzembe, ijapokuwa alikosea kwa sababu swali liliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Katiba ya mwaka 2010 imesema ya kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Onyo la hatari lisiloeleweka na anayekabili hatari hiyo halijamwonya mtu.

Sasa juu ya saa. Wakubwa wanasema, "Mtasoma wakati wowote mpendao." Maana yake mtasoma wakati wenu, kwa stimu yenu na bando lenu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Somo ambalo usipolisoma hupangiwi kazi, hilo ni kazi. Na kama ni kazi, liwe ndani ya saa za kazi, au lilipwe saa za ziada. Fedha za mafunzo si hadithi: kila mwajiri hutakiwa kulipa ushuru wa mafunzo shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mtu aliyemwajiri, wala haruhusiwi kuukata katika mshahara, na akifundisha watu wake kwa mafunzo yaliyokubaliwa na NITA anaweza kuomba kurudishiwa gharama. Basi kwa nini mzee anunue bando?

Watatuuliza, "Ninyi mngechagua nini?" Hatukosi jibu. Uko mfumo uitwao Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002. Mtu huyo alipokuwa mtoto alikaa nyikani mbali na shule, akasomeshwa kwa redio. Pengine ndiyo sababu alimfikiria mwanafunzi aliye mbali. Programu hiyo haina kodi ya kila kichwa, na ile ya simu hukubali somo kupakuliwa penye mtandao na kusomwa pasipo mtandao. Hatusemi ni bure kabisa. Yataka mashine ya kuiweka na fundi wa kuitunza kila siku, naye alipwe. Lakini mafundi wa namna hiyo wako hapa hapa. Barabara ya Ngong imejaa vijana wa kompyuta tangu iHub ilipofunguliwa mwaka 2010. Na wenye mulika mwizi hawakosi njia: Eneza ya hapa Kenya imefundisha watoto wa shule kwa ujumbe mfupi, katika simu zisizo na picha yoyote.

Iwe Moodle au iwe kingine, sharti liandikwe katika mkataba ya kuwa masomo yatengenezwe kwa kanuni inayokubalika na mifumo mingine, kama ile iitwayo SCORM, kusudi siku tukiachana na mwuzaji tuondoke na masomo yetu, na kumbukumbu za kila mtu zitolewe zote. Asiyeandika hivyo amejifunga kwa mwuzaji mmoja, na bei itapanda kila mwaka naye atalipa.

Kamati imekubaliana kupeleka madai haya: lile agizo la siku 30 lisimame, mfumo ujaribiwe kwanza miezi mitatu katika stesheni moja isiyo na mtandao mzuri, si katika ofisi kuu, ndani ya kamati ya kuchagua wawemo dereva, fundi na mpanga mabehewa, chumba chenye kompyuta kifunguliwe katika kila karakana, na saa mbili kwa wiki zitengwe ndani ya shifti, mtihani wa mkono ubaki mbele ya mwalimu. Na mzee alipwe siku zake nne.

Mpaka tupate jibu, yeyote atakayeondolewa katika orodha kwa sababu ya somo la simu aandike tarehe, saa, na jina la somo, apige picha ya kioo cha simu ikiwa aweza, na amletee mwakilishi wake siku ile ile. Wasio na simu ya kupiga picha waje na shahidi. Majibu ya wakubwa, wakitujibu, yatasomwa katika mkutano wa Jumapili ijayo baada ya ibada, pahali petu pa siku zote.