Nani Alihesabu Nyavu?

Siku ya tatu baada ya upepo, walikuja na fomu.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka Nairobi usiku, nikavuka kwa boti kutoka Mbita asubuhi, nikakuta Mfangano kwetu pamechanwa. Kisulisuli kilitoka ziwani jioni, kikapanda nchi kavu na kupita katikati ya maboma. Upana wake haukuzidi uwanja wa mpira. Upande huu mtama wote umelala chini. Hatua chache pembeni, nguo za jirani bado ziko kambani.

Afisa alisimama uani kwa nyanya, akainua macho. "Paa liko," akasema, akaandika.

Enyewe paa lilikuwepo. Kesho yake baada ya upepo nyanya alikopa kwenye chama, akanunua misumari. Vijana wakaokota mabati shambani, wakayanyoosha kwa mawe, wakayapigilia tena. Mvua haingojei fomu. Lakini kwenye ile karatasi, nyumba yake haikuharibika. Aliyeandikwa ni jirani aliyelala chini ya turubai siku tatu akisubiri. Jirani simlaumu hata kidogo. Ninalaumu hesabu inayomwadhibu mtu kwa kujisaidia.

"Na nyavu, mwanangu?" nyanya akauliza. Fomu haikuwa na mstari wa nyavu.

Sasa fikiria. Mfangano ni kisiwa. Wanaume hutoka usiku na taa kuvua omena, wanawake huinunua ufuoni, huianika na kuiuza. Upepo ule ulibeba nyavu, ukavunja mashua mbili, ukamwaga omena ya nyanya matopeni. Mtaji wake wote ulikuwa pale chini, kwenye jua. Ukihesabu paa ukaacha nyavu, umehesabu kofia ukaacha kichwa.

Mwaka 1971 Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa kipimo cha vimbunga vya aina hii. Kipimo chake hakigusi upepo wenyewe: kinasoma uharibifu, kisha kinakisia kasi. Kile kilichoboreshwa, ambacho Marekani inakitumia tangu 2007, kina orodha ya vitu 28 vya kukaguliwa: nyumba za familia, shule, maduka makubwa, hata miti. Ni orodha ya kwao na inawafaa. Hakuna mashua humo, wala nyumba ya udongo yenye mabati. Sisi tumechukua tabia ya kukagua majengo tukaiacha ile akili iliyo nyuma yake, yaani kuanza na vitu ambavyo watu wa mahali hapo wanavyo.

Najua jibu mtakalonipa. Pesa ni kidogo, wadanganyifu ni wengi, lazima mtu ahesabu. Sawa, tuhesabu. Lakini paa lililorudishwa kwa mkopo ni hasara, andika deni. Chama kina daftari, lina tarehe na kiasi, na wanachama wote wanalijua. Beach yenyewe ina kamati inayojua mashua ya nani imevunjika. Kila boma lina simu ya kupiga picha asubuhi ile ile, kabla mtu hajagusa msumari. Ushahidi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuutaka.

Na huyo mtu ni nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka usimamizi wa majanga kwa serikali ya kitaifa na kwa kaunti pia. Ingefaa iwe baraka, tuwe na walinzi wawili. Kule kwetu inakuwa mlango wenye funguo mbili, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye amebeba ya kwake.

Hata kusema "janga la ghafla" ni kujificha. Ziwa hili linajulikana. Usiku nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, hewa inakutana juu ya ziwa na kupanda, dhoruba inazaliwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, nchi zote tatu kwa pamoja. Hali mbaya ya hewa ni moja ya sababu kubwa. Ghafla gani ya kila mwaka?

Na sisi je, tulio Nairobi na Kisumu, wenye bando? Video ya mkonga wa maji ukisimama juu ya ziwa tunaisambaza. "Wueh, Nam Lolwe si mchezo!" Dakika mbili, halafu tunateleza chini kuona ya nani inafuata. Mimi pia niliituma kwa group tatu kabla sijampigia nyanya simu. Hilo linaniuma kuliko ile fomu. Afisa alifika siku ya tatu. Mimi jioni ile ile niliona uzuri wa picha kabla ya kuuliza imempitia nani.

Kwa hiyo ukipata video nyingine, usiitume kwanza. Piga simu nyumbani. Uliza nyavu, uliza omena, uliza deni. Yaandike, weka tarehe, mpelekee chifu na MCA, na ukumbushe tena wiki ijayo.

Nyanya bado analipa chama, kila Alhamisi. Kwa serikali, hakupoteza kitu.