Chura Hali, Mume Yuko Porini

Ukurasa huu umezoea barua za wachumba wasiopokea simu na mawifi wanaofunua vyungu. Mwezi huu imekuja barua yenye mgeni ndani yake. Msicheke kwanza, someni.

“Dada, nina miaka 28, nafanya kazi ofisini hapa mjini Arusha, tunaishi Njiro. Tumeoana mwaka juzi. Mume wangu ni dereva wa watalii, na msimu huu wa Julai yuko Serengeti wiki mbili mfululizo. Siku chache kabla hajaondoka alipewa chura na mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Ni wa kijani, mnene, ana manyama juu ya macho, anakaa kwenye tangi la kioo sebuleni. Mume wangu anamwita Mzee, anampenda kama mtoto. Leo ni siku ya tisa hali kitu. Namtoa, namshika, namwekea panzi mdomoni, anageuza uso. Mama mkwe yuko kwetu kutoka Usa River, anasema chura ndani ya nyumba ni mkosi, na kila jioni anapuliza dawa ya mbu. Mume akipata mtandao ananiuliza, ‘Mzee hajambo?’ Najibu hajambo. Naogopa akimkuta amekufa atasema nimefanya makusudi. Nifanyeje?”

Mdogo wangu, pole. Tuanze na mgonjwa, halafu tuje kwenye ndoa.

<b>Siku tisa si kifo</b>

Kwa maelezo yako, Mzee anafanana na chura wa miti wa Australia, aina inayofugwa sana Ulaya na Marekani. Chura huyo akiwa mkubwa na mwenye afya hali kila siku. Mara mbili tatu kwa wiki zinamtosha, na anaweza kukaa hata wiki mbili bila kula asife. Angekuwa mdogo, ningekuambia ukimbie leo. Chukua mizani ya jikoni, mpime akiwa ndani ya kibakuli mara moja kwa wiki, uandike. Uzito ukishuka, au yale manyama ya juu ya macho yakisinyaa na nyonga zikatokeza, hapo ndipo pa kuhofu.

<b>Kwa nini amegoma?</b>

Kwanza, baridi. Chura hana joto lake mwenyewe, hufuata la mahali alipo. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo wa Meru unashusha joto hadi nyuzi 12 hivi. Yeye anataka nyuzi 24 hadi 28 mchana, na usiku zisishuke sana chini ya 20. Akiwa na baridi, tumbo linalala. Hata ukimlisha, chakula kinaweza kumwozea ndani. Kwa hiyo mpashe joto kabla ya kumpa panzi. Weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa nje ya kioo, upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi ahamie upande mwingine. Glopu ya wati 25 nje ya tangi nayo inafaa, mradi asiweze kuigusa. Usimwanike juani, kioo kitamchemsha.

Pili, dawa ya mbu. Ngozi ya chura ndiyo mdomo wake wa maji na sehemu ya pumzi yake. Kinachotua juu yake kinaingia mwilini. Jioni hii hii mhamishie chumba kisichopulizwa, mbali na runinga na spika, ubadilishe maji na udongo wote wa tangi. Kwa sababu hiyo hiyo acha kumshika. Mikono yenye losheni au sabuni ni sumu kwake. Ikibidi kumgusa, nawa kwa maji matupu kwanza. Ukimaliza, sasa nawa kwa sabuni, maana vyura hubeba vijidudu vya kuharisha.

Tatu, maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye beseni wazi siku nzima kabla ya kumwekea. Tena maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru yana maji yenye floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Mimi ningekinga maji ya mvua kwenye chombo safi na kuyahifadhi kwa ajili yake.

Nne, woga. Amehama nyumba, amepata sura mpya, anaangaliwa pande zote. Funika pande tatu za kioo kwa karatasi, mwekee kipande cha chungu au kifuu cha nazi ajifiche, na matawi ya kupandia. Kisha mwache siku tatu bila kumsumbua.

Baada ya hapo, usiku taa zikizimwa, mwachie nyenje wawili watatu walio hai, wasiozidi upana wa kati ya macho yake. Anachokiona ni kinachotembea, si kilichokufa. Asubuhi watoe waliobaki, maana nyenje wenye njaa humng’ata. Mende wa jikoni usithubutu, huenda wamekula sumu.

Ukiona amevimba, tumbo au mapaja yamekuwa mekundu, au miguu imelegea, usingoje wiki mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na usimtupe Mto Themi kwa huruma. Chura wa kigeni anaweza kuwaambukiza wenyeji ugonjwa wa ukungu wa ngozi ambao umeshaua vyura wengi duniani.

<b>Hata mabingwa walihangaika</b>

Usijione mjinga. Desemba 2000, vyura 499 wa Kihansi, wale wadogo wa chini ya sentimita 3 wa milima ya Udzungwa, walipelekwa Marekani baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko yaliyokuwa yakiwanyeshea manyunyu. Huko kwa mabingwa wa Bronx Zoo na wenzao, vyura walikufa hadi wakabaki chini ya 100. Ikabidi wajifunze upya mwanga, manyunyu na chakula. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini; 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wapatao 2,500 wakarudishwa Kihansi. Waliokolewa na watu waliosema mapema kwamba wanakufa.

<b>Sasa, ndoa</b>

Mdogo wangu, kinachonitisha zaidi ni lile neno “hajambo”. Umelisema mara ngapi? Chura akifa, mumeo atalia siku mbili. Akijua ulimficha siku tisa, atajiuliza unaficha nini kingine akiwa porini. Leo mwandikie: “Mzee amegoma kula tangu uondoke. Nimemhamisha na kumpasha joto. Nilisita kukuambia, niliogopa utanilaumu. Ukipata mtandao nipigie.” Basi, usiongeze risala.

Mama mkwe usimpe somo la sayansi. Mwambie, “Mama, shikamoo, naomba unisaidie. Hii dawa inamdhuru mnyama wa mwanao, tutumie chandarua.” Mkosi auzungumze na mwanawe, si wewe.

Na shemeji akirudi, kaeni chini. Chura huyu anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Nani atamtafutia nyenje kila msimu wa watalii? Mzungu aliacha karatasi za kumiliki mnyama huyo? Kama hakuna, waulizeni watu wa wanyamapori mapema. Zawadi ya mmoja imekuwa kazi ya mwingine, na hilo halikujadiliwa. Ninyi wengine mnaosoma, kabla hujaleta nyumbani kitu kinachopumua, muulize kwanza mwenzio atakayebaki nacho.

Tuonane mwezi ujao. Na wewe wa Njiro, tuandikie Mzee akila.