Tuulize Kabla ya Kuhukumu

Niliwahi kukaa katika kikao cha nidhamu kilichomfukuza mwanafunzi wangu kwa kosa la ulevi. Tulimsomea mashtaka, tukapiga kura, tukafunga jalada. Hakuna aliyemuuliza anakunywa mara ngapi kwa wiki, wala kama aliwahi kujaribu kuacha akashindwa. Nami nilinyamaza.

Aibu hiyo hunirudia kila nisomapo AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji wa pombe. Lina maswali 10 tu. Alama za juu kabisa ni 40, na anayefikisha 8 huhesabiwa kuwa anakunywa kwa namna ya hatari. Muuguzi aweza kulijaza pamoja na mgonjwa kwa dakika chache. Halimhukumu mtu, hufungua mazungumzo kabla maji hayajazidi unga.

Uraibu ni maradhi yanayobadili utendaji wa ubongo, si upungufu wa adabu. Tanzania ilikiri hivyo ilipoanzisha tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini pale Muhimbili mwaka 2011. Iweje basi nipimwe shinikizo la damu kila niendapo zahanati, nisiulizwe kamwe habari ya pombe?

Hofu ninaijua: majibu yakimfikia mwajiri au mkuu wa chuo, mgonjwa atageuzwa mshtakiwa. Kwa hiyo siri ya mgonjwa iwe sharti la kwanza. Pasipo siri watu watadanganya, na maswali hayo 10 yatakuwa mtego. Mwanafunzi wangu hakustahili mtego, alistahili kuulizwa.