Herufi Zinazopotea Tunapohifadhi Faili

Mtaa ninamoishi, ulioko Ruiru, si mbali na Githurai, unaitwa Mwihoko. Hilo ni neno la Gĩkũyũ lenye maana ya tumaini, na likiandikwa inavyopasa huwa Mwĩhoko, irabu yake ya kwanza ikibeba alama ya wimbi. Kwenye mabango ya maduka alama hiyo ni adimu, wala sina ugomvi na wachoraji wa mabango; abiria hapotei njia kwa sababu ya alama moja. Ugomvi wangu ni na sisi walimu, tunaowafundisha vijana kutumia kompyuta pasipo kuwaeleza faili ni kitu gani, na ni nini hasa hutendeka mtu anapobonyeza mahali pa kuhifadhi.

Mwanafunzi wangu mmoja alitumia likizo nzima akimsikiliza bibi mkongwe akitaja majina ya mimea ya dawa na ya vijito vya zamani. Alimrekodi kwa simu, kisha akayaandika yote katika programu ndogo ya kompyuta, ile isiyo na rangi wala mapambo. Wakati wa kuhifadhi, kompyuta ilimwonya kwamba baadhi ya herufi zingepotea. Naye, kama wengi wetu, akakubali bila kusoma. Simu ilikuwa imejaa, basi akazifuta rekodi. Alipoifungua faili siku ya pili, kila ĩ na kila ũ ilikuwa imegeuka alama ya kuuliza. Neno mũtĩ, yaani mti, lilisomeka m?t?.

Yafaa ieleweke kwamba kompyuta haihifadhi herufi, bali nambari, na ni lazima pawepo mapatano kuhusu nambari ipi ni ya herufi ipi. Mapatano ya Kimarekani ya mwaka 1963, yaitwayo ASCII, yalikuwa na nafasi 128 tu. Zilikitosha Kiingereza na, kwa bahati, zikakitosha pia Kiswahili sanifu, ambacho hakina herufi zenye alama juu. Orodha iliyofuata katika kompyuta za Windows, iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi, haikuzidi nafasi 256. Mhispania alipata ñ yake humo na Mfaransa akapata é yake. Hakuna aliyewakumbuka wasemaji wa Gĩkũyũ. Dawa ilipatikana Unicode ilipotolewa mwaka 1991, na mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, njia ya kuandika nambari hizo ambayo leo imeenea duniani kote. Hata hivyo Notepad, iliyomo katika Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 bila kuombwa mwaka 2019 tu. Kompyuta ya kabla ya hapo ambayo haijasasishwa ingali inafuata utaratibu wa kale, mwandishi asipochagua mwingine.

Kuna watakaosema kwamba alama hizo ni urembo, kwa kuwa msomaji ataelewa tu. Gĩkũyũ ina irabu saba, si tano, na alama hizo ndizo zinazozitenganisha. Gũtuma ni kushona. Gũtũma ni kutuma, kama kwetu. Aziandikaye kwa namna moja hajapunguza urembo, amefuta neno.

Wala wa Kiswahili tusijione salama. Tunayo ritifaa katika ng'ombe na ng'ambo. Programu kubwa za kuandikia hupenda kuibadilisha, bila kutuuliza, kuwa alama iliyopinda ya kufungia nukuu. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni nambari mbili tofauti. Ndiyo maana mwanafunzi akitafuta ng'ombe katika matini ndefu huambiwa hamna hata mmoja, ilhali zizi limejaa. Na faili hiyo ikisomwa kwa mapatano yasiyo yake, huzuka kichekesho ambacho sote tumekiona kwenye skrini: ngâ€™ombe.

Baadhi ya wenzangu hushauri kwamba programu hizo ndogo tuachane nazo, tutumie zile kubwa. Siafikiani nao. Maandishi niliyoyatunga nikiwa mwanafunzi kwa programu kubwa ya wakati huo leo hunijia yakiwa vurugu tupu, au hayafunguki kabisa. Vijifaili vya matini tupu nilivyohifadhi katika flopi ileile vilifunguka mara moja, herufi kwa herufi, kwa sababu havina chochote ndani ila maandishi. Anayekusanya methali, ngano au istilahi hahitaji zaidi ya hayo, mradi ajue kuchagua.

Na kuchagua kwenyewe ni jambo la nusu kipindi. Mtu atumie amri ya kuhifadhi kwa jina jipya, atazame chini ya jina la faili mahali pa kuteua usimbaji wa herufi, achague UTF-8, afunge, kisha afungue tena na kusoma kwa macho yake. Neno la kujaribia ninalowapa wanafunzi ni Mwĩhoko. Likirejea MwÄ©hoko, faili yenyewe ni nzima, ila imesomwa kwa mapatano mengine, na yarekebishika. Likirejea Mw?hoko, herufi imekwenda. Walimu wa gredi za chini, ambao tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019 wana somo la lugha za kiasili mikononi, na aghalabu hujiandalia vifaa wenyewe, wanauhitaji ujuzi huu kuliko mimi.

Mwanafunzi wangu amekwisha kujaza pengo nyingi, maana ni mzawa wa lugha hiyo na viambishi humwongoza. Majina ya kale ndiyo yaliyomshinda, kwa sababu hakuwahi kuyasikia kabla ya likizo ile. Alichapa orodha yake akarudi kwa bibi; akakuta matanga yamekwisha kuanuliwa. Majina tisa ya mimea bado yana alama za kuuliza.